Usiku wa Kuamkia Sapu

Stima zimepotea tangu saa mbili. Chepkirui amelala,
kofia ya sufu hadi machoni; baridi ya Julai imeingia chumbani
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Nimeegemeza simu kwenye kikombe, tochi yake inamulika hindi
tulilopewa maabara ya Chiromo.
Kesho ni sapu. Mara ya kwanza nilijaza kurasa sita,
na Daktari Mutinda akaniandikia neno moja, kwa wino mwekundu:
Kwa hivyo?

Kwa hivyo naanza upya, punje kwa punje.

Ni mia na ishirini. Nimezihesabu mara tatu.
Zambarau themanini na nne, manjano thelathini na sita.
Kanuni ilitaka tisini kwa thelathini.
Punje sita zimevuka upande wa pili. Je, zimeasi,
au ni bahati tu, ile ya kila wiki
inayompa jirani maji ya mfereji Jumanne na kukunyima wewe?
Sita mara sita, thelathini na sita.
Gawa kwa tisini. Gawa kwa thelathini. Jumlisha.
Moja nukta sita.
Jedwali lasema kizingiti ni tatu nukta nane nne.
Sijakifikia. Kanuni naiacha palepale nilipoikuta.

(Jioni Chepkirui aliuliza: hindi zuri hivi, mbona usilichome?)

Wala sijaithibitisha. Hapo ndipo nilipoangukia mwaka jana.
Kushindwa kukataa si kukubali.
Hakimu wa Milimani akimwachilia mtu kwa kukosa ushahidi
hajasema huyu ni malaika. Amesema: nenda,
leo sina la kukushikia.

Digrii za uhuru sikuzielewa darasani. Nilizielewa Kawangware,
samaki mmoja, vipande vitano, watoto watano.
Wanne walichagua.
Mimi kitindamimba nikaambiwa, haya Nasimiyu, nawe chagua,
na sahani ina mkia.
Watano, uhuru wa wanne.

Sasa majani.
Kumi ya mpera ulio kando ya Waiyaki Way,
kumi ya mpera ulio nyuma ya maabara.
Ya barabarani ni mafupi, kwa wastani milimita tisa,
na mimi nilishaandika moshi! moshi! pembeni mwa daftari.
Pole pole. Tofauti huwekwa juu, fujo huwekwa chini, ndipo ugawe.
Mtu akikuita ndani ya Karura, utamsikia hata akinong'ona.
Akikuita Gikomba siku ya kufungua marobota,
jina lako lilelile, sauti ileile,
utapita ukidhani anauza soksi.
Nikagawa. Jibu likatoka kubwa, zuri, nikatabasamu gizani.
Kisha nikamsikia Daktari, kama amesimama mlangoni na lile koti lake:
umepima miti mingapi?

Mti mmoja huku. Mti mmoja kule.
Shahidi mmoja ukimuuliza mara kumi
bado ni shahidi mmoja.

Nimefuta ukurasa mzima. Ufutio umetoboa karatasi.

Na kupitia lile tundu nikamwona kaka yangu Wafula, Desemba,
akimenya chungwa, akisema mbele ya wageni:
huyu hesabu hazimtaki.
Ushahidi wake ni upi? Mtihani mmoja.
Idadi moja, toa moja, ni sufuri,
na kwa sufuri, Wafula, hakuna anayegawa.
Mkengeuko wangu haujulikani.
Sisemi nina akili. Nasema data hazijatosha,
na kesho zitakuwa mbili,
ambazo pia ni chache.

Saa kumi usiku. Nalirudisha hindi kwenye bahasha ya kaki.
Punje moja imechomoka, imebingirika chini ya kitanda,
na simu imezima.
Naipapasa sakafuni, naipata, naishika.
Kwa vidole, gizani,
zambarau na manjano hazina tofauti.